Mpeni mwanafunzi wa muziki shoo nzima, siyo kukunja kebo tu

Nasema hivi kama mtu ambaye kila siku yuko na miksa na maspika hapa Kampala: mwanafunzi wa muziki anayemaliza digrii bila kuwahi kushika kazi hata moja mwanzo hadi mwisho, yaani kuanzia ile simu ya kwanza ya mteja mpaka hela inaingia kwenye mobile money, huyo tumemdhulumu. Na siwasemi walimu wake peke yao. Nasema sisi wenye studio, wenye bendi na wenye vyombo vya kukodisha, kwa sababu sisi ndo tunawapokea na sisi ndo tunaamua wakae wapi na wafanye nini.

Mnajua inavyokuwa. Ikifika Juni vyuo vinafunga kwa likizo ndefu, barua za intanshipu zinaanza kumiminika, mwanafunzi anakuja na logibuku yake mpya, anakaa hapo kama miezi miwili, supavaiza anatoka chuoni mara moja anauliza maswali mawili matatu anasaini anaondoka. Na ndani ya hiyo miezi miwili kijana amefanya nini? Amekunja kebo, ameenda kununua rolex (zile chapati za kukunjwa na mayai) za maprodyusa, amekaa kwenye kochi la nyuma akaangalia mgongo wa injinia. Jioni anaandika kwenye logibuku "leo nimejifunza kumiksi" na hajagusa hata fada moja, kile kitufe cha kusukuma cha kupandisha na kushusha sauti kwenye miksa. Inaniuma sana hii, maana wale watoto wanakuja na kiu kabisa, unaiona machoni wiki ya kwanza, alafu ikifika wiki ya nne imeshapoa.

Kukunja kebo siyo kubaya, wacha nieleweke. Kebo iliyokunjwa vibaya inakatika ndani na inakuja kukuaibisha katikati ya harusi ya watu, kwa hiyo kila mtu kwenye kruu yetu anakunja kebo, hata mimi. Lakini hiyo ni kazi ya kufundishwa asubuhi moja. Huwezi ukamfanyisha mtu mpaka Agosti ukaita uzoefu.

Na hawa watoto hawaji mikono mitupu, hapo ndo watu wengi wa industri yetu wanakosea. Chuo Kikuu cha Makerere walianza kufundisha muziki, densi na drama mwaka 1971, Chuo Kikuu cha Kyambogo nao wamelea walimu wa muziki kwa miaka mingi, na mtu aliyepita huko amesoma vitu ambavyo wengi wetu tuliojifunzia kwenye mabendi na makanisani hatuna. Anasoma nota. Anasikia kodi, yaani noti kadhaa zikipigwa pamoja, akakuambia jina lake. Amekaa kwenye vyombo vya asili: amadinda ile ya mbao, adungu ile ya nyuzi, engalabi ile ngoma ndefu. Tatizo ni kwamba hayo yote yako upande mmoja na kazi iko upande mwingine, na hakuna aliyemwonyesha mahali vinapokutana.

Nitawapa mfano mmoja nauelezea kwa urefu kwa sababu nadhani ndani yake kuna kila kitu.

Kulikuwa na fankshen kwenye hoteli moja kando ya ziwa, mteja anataka kikundi cha asili kipige wageni wakiingia halafu bendi ya kawaida iendelee usiku. Wakati huo tulikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili, msichana, mtulivu, ana sikio kali sana. Kruu yetu imetoka kila upande, kuna vijana wa Busia, kuna wa Arua, kuna mzee mpiga solo kutoka Kongo, kwa hiyo lugha ya kazi ni Kiswahili, na huyu binti alikuja na Kiswahili cha shuleni lakini baada ya muda mfupi akawa anaita "leta jeki, fungua chaneli ya nne" kama wengine. Nikamwambia, dada, hii shoo ya jioni ya kikundi cha asili ni yako. Mimi nitasimama pembeni. Akasema "mwalimu, kweli?" nikamwambia kweli.

Sasa shoo kuwa yako maana yake siyo kusukuma fada. Ilianzia kwenye simu. Alimpigia kiongozi wa kikundi akamuuliza wako wangapi, nani anaimba, vyombo gani vinakuja, nani anakaa wapi. Akachora steji kwenye karatasi. Akahesabu chaneli, akaja kuniambia maiki tulizopanga hazitoshi. Nikamuuliza kwa nini, amadinda si tunaiwekea maiki moja juu inatosha? Akaniambia hapana, na akanieleza kitu ambacho sijawahi kukisikia kwa injinia yeyote wa mjini hapa.

Amadinda ina mbao kumi na mbili na wanapiga watu watatu. Wawili wa kwanza, yule wa okunaga na yule wa okwawula, wanakaa wametazamana na kila mmoja anapiga noti zake kwenye nafasi ambayo mwenzake ameiacha, ndo maana inasikika kasi vile wakati kila mmoja wao anapiga taratibu tu. Wa tatu, wa okukoonera, ana mbao mbili za mwisho zile za juu kabisa, na anachofanya anasikiliza noti mbili za chini zinazotokea wale wawili wakichanganyika, alafu anazirudia huko juu. Yaani ule mdundo wa juu unaosikika kama unagongagonga hovyo ndo unaibua melodi ambayo iko ndani ya wimbo. Na mainjinia wengi wakisikia kule juu kunagonga wanadhani ni kelele, wanakata treble. Wamekata roho ya wimbo!

Akaweka maiki mbili kwa wale wawili na ya tatu ndogo kwa ajili ya mbao za juu. Engalabi akaiwekea maiki chini kwenye uwazi, na nyingine kwa mbali kidogo kupata ule mlio wa ngozi, ile ngozi ya kenge ina sauti kali ya kupasuka ambayo usipoishika ngoma inasikika kama inapigwa chumba cha pili. Kazi ikawa kwenye endigidi. Kile chombo kina uzi mmoja na sauti yake ni ndogo, ukiongeza geni, yaani nguvu ya maiki kwenye miksa, monita (ile spika inayomwelekea mpigaji ajisikie) inaanza kupiga mluzi. Mzee mwenye endigidi alikuwa amekaa mbele ya monita kabisa na vijana wetu wa kruu walishamwambia asogee akakataa, alikuwa ameshakasirika. Huyu binti alienda akapiga magoti akamsalimia kama inavyotakiwa kumsalimia mzee Buganda, wakaongea kuhusu wimbo kwanza, akamuuliza anaupigia kwenye sauti gani, ndipo akamwomba, "ssebo, nisaidie usogee kidogo upande huu ili wageni wakusikie vizuri." Mzee akasogea mwenyewe na stuli yake. Hakuna chuo cha injinia wa sauti kinachofundisha hilo na hakuna yutubu itakayokuonyesha, lakini ndo kazi yenyewe.

Alafu umeme ukaenda. Si unajua umeme wetu. Giza tu, wageni wameanza kuingia, jenereta inachukua muda kuwaka. Na nilifurahi kwa sababu nilishamfundisha asubuhi kwamba miksa ya kidijitali ukishamaliza saundcheki unasevu kwanza kabla hujanywa hata maji, na umeme ukikatika kabla haujarudi unakimbilia kuzima amplifaya, ili miksa ikiwaka usipate ule mlipuko unaoua spika. Amplifaya zinawaka za mwisho na kuzimwa za kwanza, kila siku, bila kukosa. Alifanya hivyo bila kuambiwa. Jenereta ikawaka, miksa ikaamka, akafungua sini yake, yaani ule mpangilio aliousevu, kila kitu kiko palepale, akawasha amplifaya, kikundi kikaanza. Na zile mbao mbili za juu zilisikika mpaka kule mwisho kwenye geti. Mama mmoja mgeni, mtu mzima kabisa, alikuja kwenye meza ya miksa kumshukuru, akasema tangu yuko msichana hajasikia amadinda ikitoka hivyo kwenye spika.

Lakini kazi haikuisha pale! Kesho yake nikamwambia sasa andika invoisi. Akashangaa. Tulishachukua nusu ya hela kabla, ndo utaratibu wetu, sasa nusu iliyobaki nani anaifuatilia? Akaandika, akatuma, mteja akanyamaza. Akapiga simu kwa adabu, akaambiwa subiri wiki ijayo, akapiga tena wiki ijayo, mpaka ikaja. Akagawa mwenyewe, ya jenereta, ya usafiri, ya kruu, ya kikundi, yake. Akaona kwa macho yake kile kinachobaki. Nadhani ile siku ya kugawa hela alijifunza mengi kuliko siku ya shoo, kwa sababu hapo ndo unaelewa kwa nini bei ni ile na kwa nini wanaokubali bei ya chini wanakufa polepole.

Hiyo ndo ninayoitaka kwa kila mwanafunzi. Kazi moja nzima. Siyo lazima iwe kubwa.

Na nikisema kazi sisemi mastaa. Wanafunzi wengi wakifikiria industri wanaona steji kubwa, wanaona lile tamasha la Nyege Nyege kule Jinja, lililoanza 2015 na sasa watu wanatoka dunia nzima kuja. Sawa, na kule kuna kazi nyingi nyuma ya steji. Lakini hela ya kila wiki ya mwanamuziki wa Uganda iko kwenye kwanjula (sherehe ya kutambulishana na wakwe), harusi, makanisa, mabendi ya hoteli, matangazo ya redio, nyimbo za kampeni za afya, na mashule yanayotafuta mtu wa kuwafundisha watoto kwa ajili ya mashindano ya muziki. Hiyo ya mwisho wanafunzi wanaidharau na siielewi kwa nini, maana mtu mwenye digrii ya muziki ndo anaijua kuliko mtu yeyote, na shule zinalipa. Mpeleke mwanafunzi kwaya ya shule moja, aandike mpangilio, afundishe, awapandishe steji, arudi na matokeo. Ni uzoefu kamili.

Bendi pia. Ukikaa na bendi za kikwetu utakuta nyimbo hazijaandikwa popote. Afrigo wapo tangu 1975, Moses Matovu na saksafoni yake bado yupo, na zile nyimbo zinaishi masikioni na vidoleni. Yule mzee wetu wa solo kutoka Kongo hajui nota lakini anakuonyesha mara moja tu, ya pili anakuangalia, ya tatu anamwita mtu mwingine. Mwanafunzi aliyezoea karatasi akikaa naye mwezi mmoja anatoka mtu mwingine. Na mzee naye anafaidika, maana kuna mwanafunzi alimwandikia seben zake, vile vipande vya gitaa vya kuchezesha watu, kwenye nota akazitazama muda mrefu sana, akasema "mwanangu, kumbe inaonekana hivi."

Sasa studio. Hapa niseme wazi kwamba kitu tunachowanyima zaidi ni makaratasi. Tunawaonyesha plagini, tunawaonyesha otochuni, hatuwaonyeshi nani anamiliki nini. Wimbo unarekodiwa usiku, msanii kaja na maneno, prodyusa ana biti, rafiki kapita hapo akatunga korasi, mpiga gitaa kapewa hela ya boda akaondoka, asubuhi wimbo uko hewani. Ukija kuleta hela ndo vita vinaanza, na urafiki wa miaka unaisha.

Sheria tunayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 2006 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na inawatambua pia wanaopiga na wanaorekodi, siyo mtunzi peke yake. Haki inakuja wimbo ukishawekwa mahali, uwe umeandikwa au umerekodiwa, ingawa kusajili kule URSB, ofisi ya serikali ya usajili, kunakusaidia sana kuthibitisha. UPRS, chama cha haki za watunzi wa muziki, ipo tangu 1985 kukusanya mirabaha pale muziki unapopigwa hadharani. Lakini hao wote wanahitaji jina! Kama hukuandika jina la aliyetunga, hakuna wa kulipwa. Na kila rekodi inatakiwa kuwa na ISRC yake, ile namba ya herufi na tarakimu kumi na mbili inayotambulisha hiyo rekodi popote itakapopigwa, na nimeona wasanii wakubwa tu hawajui yao iko wapi.

Kwa hiyo kwenye studio yetu mwanafunzi anapewa hiyo kazi siku ya kwanza. Kuna karatasi ukutani, kabla mtu hajatoka mlangoni anaandika jina lake kamili lile la kwenye kitambulisho siyo la steji tu, alichofanya, na asilimia waliyokubaliana, anasaini. Mwanafunzi ndo anaisimamia. Mwanzoni wanaogopa kumwambia msanii mkubwa "samahani kaka, bado hujasaini" lakini wanazoea, na wasanii wenyewe wamezoea. Kuna kijana aliuliza tu swali la kawaida, "hii korasi kaitunga nani?" chumba kikanyamaza, kumbe kila mtu alikuwa anadhani ni yake. Wakabishana nusu saa wakakubaliana, wakaandika, wakaenda kula pamoja. Wimbo haujatoka bado. Fikiria wangebishana baada ya kutoka.

Kitu kingine, na hiki nawaambia walimu: muda wenu na muda wetu haupatani. Intanshipu ni Juni mpaka Agosti, lakini kazi yenyewe inafurika Desemba, na Pasaka. Mwanafunzi anakuja wakati sisi tunatengeneza spika zilizoharibika, alafu Desemba tunatafuta watu wa kutusaidia hatuwapati na yeye yuko kijijini kwa likizo. Kwa nini ile miezi miwili isigawanywe? Wiki chache katikati ya mwaka za kujifunza vyombo, wikendi kadhaa ndani ya semista, alafu Desemba kazi yenyewe. Na chuo chenyewe kina kazi, kuna graduesheni, kuna gala, kuna ibada, kila mara mnaleta kampuni ya nje iweke sauti wakati mna idara nzima ya muziki. Wapeni wanafunzi wenu hiyo kazi, mtu mmoja mzoefu asimame nao, muwalipe kidogo.

Ndiyo, kulipa. Najua hapa wenye studio wenzangu wataguna. Lakini ukisema intanshipu ya bure umeshachagua nani atakuja, atakuja mtoto mwenye anko anayeishi Ntinda, hapahapa Kampala. Yule wa Kasese au wa Arua ambaye nyumbani wamejikamua kulipa ada tu, atapanga wapi Kampala miezi miwili, atakula nini? Nauli na chakula ni kitu cha chini kabisa, na akishafanya shoo ya mteja anayelipa, apate fungu lake kama mtu mwingine wa kruu. Na siyo lazima wote waje Kampala. Gulu kuna redio, Mbarara kuna studio, Mbale na Arua kuna makanisa yenye vyombo vizuri kabisa na hayana mtu wa kuvitumia. Mwanafunzi anaweza kufanya uzoefu wake nyumbani kwao, akalala kwao, na akabaki na wateja hapohapo.

Na wasichana. Nimeona mara nyingi msichana akija intanshipu anapelekwa kwenye meza ya kupokea wageni au kushika simu, wavulana wanaenda kwenye miksa. Mtu akiuliza wanasema vyombo ni vizito, usiku ni hatari. Vizito tunabeba wote wawili wawili. Usiku kweli ni hatari, kwa hiyo suluhu ni gari la kruu kumpeleka kila mtu mpaka mlangoni kwake, siyo kumnyima kazi. Kwetu hiyo ni sheria, gari haliondoki kama kuna mtu anasema atachukua boda saa nane za usiku, awe msichana awe mvulana. Inatugharimu mafuta. Tunayaweka kwenye bei ya mteja, basi.

Yule binti wa amadinda amemaliza chuo sasa, anafanya sauti za vikundi vya asili na ana wateja wake, wengine walikuwa wetu wakamfuata yeye, na nimefurahi kwa moyo wote.

Kama wewe ni mwalimu wa muziki na unasoma hii, usisubiri Juni, tuma watu wako sasa tuanze kuwazoesha vyombo kabla Desemba haijatukuta. Waje na hedifoni zao kama wanazo, kama hawana zipo, na waje na chombo cha kwao wanachokijua, hata kama ni adungu iliyofungwa kwa kamba. Wa mwaka wa pili ndo nawapendelea, kwa sababu wakirudi darasani bado wana muda wa kumuuliza mwalimu wao yale maswali ambayo kazi imewapa.